Barua ya Chuo si Ufunguo wa Nyumba

Ndugu msikilizaji, ukipita uwanja wa ndege wa Dar es Salaam usiku wa mwezi wa Septemba, utawaona. Kijana mmoja, masanduku mawili, na watu kumi na watano wa kumsindikiza. Bibi analia, shangazi anapiga picha, baba mdogo anatoa nasaha ambazo hakuna anayezisikia. Kijana amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ng'ambo, na ukoo mzima unaona kwamba kazi kubwa imekwisha.

Mwaka juzi nilikuwa mmoja wa hao kumi na watano. Tulikuwa tunamsindikiza mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa anakwenda London kusoma kwa mwaka mmoja. Mama yake alikuwa ameuza kiwanja chake cha Kibaha ili kujazia ada. Siku ya pili simu ililia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Umefika salama?"

"Nimefika salama. Lakini kile chumba hakipo."

Nyumba yenyewe ilikuwepo, na namba ya mlangoni ilikuwa ile ile. Lakini aliyefungua mlango alikuwa mama wa makamo aliyeishi humo na familia yake miaka mingi. Hakuwa na chumba cha kupangisha, wala hakumjua huyo bwana aliyepokea pauni 600 za amana zilizotumwa kutoka Dar es Salaam. Tulikuwa tumetumiwa picha, tumetumiwa mkataba wenye muhuri, tumeandikiwa kwa Kiingereza kizuri. Yote yalikuwa ya uongo, na fedha zile hazikuonekana tena hadi leo.

Mpwa wangu ameniruhusu kuieleza habari hii kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Naieleza kwa sababu najua kwamba hata usiku wa leo, katika nyumba fulani ya Tabata au Mbagala, kuna mzazi anayejiandaa kutuma amana ya chumba ambacho hakuna ndugu yake aliyewahi kukiona kwa macho. Kwa hiyo, wiki hii tuzungumze juu ya jambo ambalo halimo katika barua ya chuo: jinsi mgeni anavyotulia katika mji mkubwa.

Nimeichukua London kuwa mfano kwa kuwa vijana wetu wengi huelekea huko. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, mji ule ulikuwa na wakazi wapatao milioni 8.8. Umegawanyika katika halmashauri 33, na kutoka pembe moja hadi nyingine ni safari ya saa mbili kwa treni. Mji wa namna hiyo haumchukii mgeni, wala haumpendi. Haujui tu kwamba amefika.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mwanafunzi wa uzamili Uingereza, jembe hutolewa siku ile ile ya kwanza. Shahada ambayo kwetu huchukua mwaka mmoja na nusu au miaka miwili, kule kwa kawaida humalizika kwa miezi kumi na miwili. Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Septemba na kufungwa katikati ya Desemba, yaani wiki kumi hadi kumi na mbili. Mwanafunzi anayetumia wiki sita kutafuta pa kulala amekwisha kupoteza nusu ya muhula kabla hajafungua kitabu. Hapana atakayemrudishia wiki hizo, na ada haipunguzwi.

Sasa hebu tutazame kwa nini kupata mahali pa kulala ni kugumu hivyo. Nilidhani, kama wengi wetu, kwamba shida ni bei tu. La hasha. Bei ni kubwa, lakini shida ya kwanza ni mduara.

Mduara wenyewe ni huu. Benki, kabla ya kumfungulia mgeni akaunti, humtaka athibitishe anwani ya mahali anapoishi. Mwenye nyumba, kabla ya kumpa anwani, humtaka aonyeshe kipato, au alete mdhamini anayeishi Uingereza, na angependa kodi ilipwe kutoka benki ya humo humo. Mwajiri naye, kabla ya kumpa kazi ya saa chache, humwuliza akaunti ya kulipia mshahara iko wapi. Kila mlango unadai ufunguo ulioko nyuma ya mlango mwingine. Aidha, sheria ya England humtaka mwenye nyumba binafsi athibitishe kwamba mpangaji ana haki ya kuishi nchini, jambo ambalo siku hizi hufanywa kwa namba maalumu inayotolewa na mfumo wa viza wa kielektroniki. Mgeni asiyejua kuitoa namba hiyo atapitwa na mwenzake anayeijua.

Matapeli wanaujua mduara huu kuliko sisi. Wanajua kwamba mzazi wa Dar es Salaam ana hofu ya mtoto kufika bila anwani, na hofu hiyo ndiyo wanayoiuzia chumba.

Je, mduara huvunjwaje? Mpwa wangu alilala hosteli ya vijana usiku kumi na mmoja, chumba kimoja na wasichana saba wasiojuana, masanduku yake yamefungwa kwa mnyororo kitandani. Ni katika siku hizo kumi na moja ndipo alipojifunza yale ambayo sote tungeweza kuyauliza mapema.

La kwanza, mduara huvunjwa na chuo. Ofisi ya wanafunzi hutoa barua ya kuthibitisha kwamba huyu ni mwanafunzi wetu na anaishi mahali fulani, na benki nyingi huikubali. Vyuo vingi vina hosteli, na ombi linapaswa kupelekwa mara tu mtu anapokubaliwa, siyo anapopata viza. Anayesubiri viza kwanza mara nyingi hukuta vyumba vimekwisha. Chuo pia huwa na ofisi ya makazi inayoweza kuutazama mkataba kabla haujatiwa saini. Ofisi hiyo haitozi senti.

La pili, usilipie chumba ambacho hujakiona, wewe au mtu unayemwamini. Ni afadhali kulipia wiki mbili za mahali pa muda panapojulikana, hata kama ni ghali, kuliko kulipia mwaka mzima wa ndoto. Wiki mbili hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya nauli.

La tatu, sheria iko upande wa mpangaji kuliko tunavyodhani. Sisi tumezoea dalali anayechukua kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anayetaka ya miezi sita au mwaka mzima mkononi. Kwa hiyo tapeli akidai hivyo, sisi tunaona ni kawaida. Kumbe England tangu Juni 2019 dalali haruhusiwi kumtoza mpangaji ada ya udalali. Amana ya nyumba ya kawaida haipaswi kuzidi kodi ya wiki tano, na fedha ya kushikia chumba haipaswi kuzidi ya wiki moja. Amana yenyewe lazima iwekwe katika mfuko unaotambuliwa na serikali katika muda wa siku 30, siyo katika mfuko wa suruali ya mwenye nyumba. Na sheria mpya iliyopitishwa mwaka 2025 imeweka kwamba, kuanzia Mei 1, 2026, mwenye nyumba binafsi wa kawaida asidai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Anayedai miezi sita kwa njia ya simu, kabla hujapanda ndege, amekwisha kujitambulisha ni nani.

Na la nne, ambalo wengi hawalijui: kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hakungoji anwani kamili. Kituo cha daktari hakiruhusiwi kumkataa mtu kwa sababu tu hana karatasi ya kuthibitisha makazi. Mwanafunzi amekwisha kulipia huduma hiyo alipoomba viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Mpwa wangu alikaa na homa siku nne hostelini akiogopa gharama, ilhali alikuwa amelipa tangu Dar es Salaam.

Ndugu msikilizaji, usidhani shida hii imeanza leo. Ukienda mtaa wa Cambridge, katika kitongoji cha Pimlico, utakuta kibao cha buluu ukutani kinachosema kwamba Jomo Kenyatta aliishi katika nyumba namba 95 kati ya mwaka 1933 na 1937. Alikuwa mwanafunzi wa elimu ya jamii za watu katika Chuo cha Uchumi cha London, chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na kitabu kilichotokana na masomo yake kilitoka mwaka 1938. Huyu ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya. Lakini katika miaka ile fedha zilimpiga chenga kama zinavyompiga chenga mwanafunzi wa leo, hata akachukua kazi ya kuigiza miongoni mwa watu wa nyuma katika filamu iliyotoka mwaka 1935.

Wenzake wa Afrika Magharibi walikuwa na shida zaidi ya fedha. Wenye nyumba wengi wa London waliwafungia mlango kwa rangi yao, na hapakuwa na sheria ya kuwazuia. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika nyumba za kupanga ilikuja mwaka 1968. Mwaka 1925 wanafunzi hao, akiwemo Ladipo Solanke kutoka Nigeria, waliunda umoja wao. Wangeweza kuanza na sherehe au hotuba tu. Lakini kazi moja kubwa waliyoihangaikia kwa miaka ni kupata nyumba, na mwaka 1933 wakafungua hosteli yao huko Camden. Waliojua siasa vizuri kuliko sisi waliona kwamba mtu asiye na pa kulala hawezi kusoma wala kudai uhuru.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapa sisi wazazi na walezi tuna lawama yetu.

Ili kupata viza, mwanafunzi anayekwenda London hutakiwa kuonyesha kwamba, mbali na ada, ana fedha za kuishi. Kuanzia Novemba 2025 kiwango hicho ni pauni 1,529 kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi tisa, yaani pauni 13,761. Fedha hizo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Tunafanyaje sisi? Tunachangishana. Mjomba huyu anakopa chama cha akiba na mikopo, shangazi yule anatoa mtaji wa duka, zinaingizwa katika akaunti ya mzazi, zinalala siku 28, karatasi ya benki inatolewa, na wiki inayofuata kila mtu anachukua chake. Tunaziita fedha za kuonyesha.

Na mimi nilichangia, sijitoi. Lakini tulikosea kudhani kwamba kiwango kile ni urasimu wa ubalozi. Kile ni kipimo cha maisha yenyewe: chumba, chakula, nauli, na koti la baridi. Tulipozitoa zile fedha benki, tulimpeleka mtoto katika mji ule akiwa na karatasi inayosema ana chakula.

"Atafanya kazi," tulisema. Naam, anaruhusiwa, lakini saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kuanzia Aprili 2026 kima cha chini kwa mtu wa miaka 21 na zaidi ni pauni 12.71 kwa saa. Piga hesabu: saa 20 zitampa pauni 254 kwa wiki, kama 1,100 kwa mwezi, kabla ya makato. Hapo awe amepata saa zote 20, na asiugue hata siku moja. Bado hajafikia zile 1,529, na bado hajagusa ada.

Tena kuna mitego miwili. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, na kazi nyingi za kusambaza chakula kwa baiskeli, ambazo huonekana rahisi kuzipata, huhesabiwa kuwa ni za kujiajiri. Wa pili ni miezi ya kiangazi. Wengi hudhani kwamba madarasa yakifungwa Juni, basi ni likizo na mtu anaweza kufanya kazi kutwa. Kwa mwanafunzi wa uzamili wa mwaka mmoja, miezi hiyo ya kuandika tasnifu kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni muda wa masomo, na kikomo kinabaki saa 20. Anayevuka anaweza kufutiwa viza, na kiwanja cha Kibaha kinakuwa kimeuzwa bure.

Yapo pia mambo yasiyo na risiti. Mwishoni mwa Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma kwa saa moja. Tofauti na sisi, iliyokuwa saa mbili, inakuwa tatu. Dada yangu hakuambiwa. Jumapili ile alikaa na simu mkononi saa nzima, akiamini kwamba mwanawe amepatwa na jambo, kumbe mtoto alikuwa akisubiri ifike saa waliyoahidiana. Baada ya hapo giza huingia mapema. Katika Desemba jua la London huchomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo jua halibadili sana saa zake mwaka mzima, mwili hushtuka. Usingizi unakataa, chakula hakipandi, na mtu anaanza kujiona mjinga darasani.

Na darasani kwenyewe kuna ugeni. Profesa mwenye mvi anataka aitwe kwa jina lake la kwanza, kama rika. Mwanafunzi wetu, aliyefundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa kwa heshima, ananyamaza. Na kule kunyamaza kunatafsiriwa kwamba hakusoma. Mpwa wangu alichukua wiki tano kabla ya kunyosha mkono. Aliponyosha, mwalimu alimwambia kwamba alikuwa akilisubiri swali lake. Kuuliza si ujinga, tunasema sisi wenyewe, halafu tunawalea watoto wasiulize.

Wanaoumia zaidi ni wale waliokwisha kuwa na familia. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Ruhusa imebaki hasa kwa wa uzamivu na wengine wa utafiti. Mwalimu wa sekondari wa miaka thelathini na mitano anayeacha watoto wawili nyumbani hahitaji kuambiwa upweke ni nini.

Dawa ya upweke ni watu, na watu hawaji wenyewe. Mpwa wangu aliwapata Jumapili kanisani, ambako mama mmoja muuguzi alimsikia akisema "pole" kwa aliyejikwaa, akageuka akamwuliza kwa Kiswahili ametoka wapi. Kwa mama huyo ndipo alipopata chumba, baada ya kukiona kwa macho, kwa mkataba, na amana ikawekwa mahali pake. Mwingine atawapata msikitini siku ya Ijumaa, au katika chama cha wanafunzi, au katika chuo cha SOAS ambako Kiswahili kinafundishwa, au sokoni Brixton na Peckham, ambako muhogo, ndizi na unga wa mahindi havikosekani. Haidhuru ni wapi, maadamu ni katika wiki ya kwanza. Anayesubiri atulie kwanza ndipo atafute watu amegeuza mambo. Watu ndio wanaomtuliza mtu.

Alihitimu, msikilizaji. Alama zake za muhula wa kwanza zilikuwa mbaya, na nusu nzima ya mwaka ilikwenda katika kuzifidia. Kila nikikumbuka hilo nakumbuka pauni 600 na usiku kumi na mmoja, na najiuliza kati ya watu kumi na watano tuliokuwa uwanja wa ndege, ni nani aliyemwuliza binti yule swali moja jepesi: kesho usiku utalala wapi, na nani amepaona? Mimi sikumwuliza. Nilimwuliza kama amebeba sweta.

Basi, kama mwaka huu una wa kumsindikiza, mwulize swali hilo mapema, Machi au Aprili, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Fedha za kuonyesha, kama mnaweza, ziacheni angalau za miezi mitatu. Msimtume mtoto aanze kutuma fedha nyumbani kabla hajajua bei ya mkate. Na mkimpigia simu, msianze na matokeo ya mtihani. Mwulizeni leo amekula nini, na amekula na nani. Akikwambieni kwa wiki tatu mfululizo kwamba amekula peke yake, jueni kwamba bado hajafika.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hizi.